Usitume hela ya dawa kabla hujaona mzizi

Uko Leeds au Houston, nyumba iko Shangani, Mtwara. Mvua ikishika Desemba, ujumbe unaingia: "Dada, majani ya uani yamevamiwa na magugu, tuma ya dawa." Subiri kidogo. Mwombe anayekutunzia nyumba ang'oe gugu moja na udongo wake, akupigie picha ya mizizi, kisha alibinye shina kati ya vidole.

Shina likiwa na kingo tatu, na chini kukawa na vijitunguu vyeusi vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba, hiyo ni ndago. Inafanana na nyasi lakini si jamii yao, na hapo ndipo hela nyingi hupotelea. Glaifosati, dawa inayoua kila jani, itaichoma pamoja na ukoka wako wote. Ile 2,4-D ya shambani ni ya magugu ya majani mapana. Jembe ndiyo balaa zaidi: linakata zile nyuzi, na kila kitunguu kilichobaki kinachipua kivyake. Ulizia halosulfuroni, dawa ya kuua ndago ambayo ukoka unaivumilia. Ipulizwe ndago ikiwa changa, asubuhi kabla upepo wa bahari haujachachamaa, na irudiwe baada ya wiki kadhaa kwa sababu vitunguu havichipui vyote kwa mara moja. Kabla ya kulipa, muuza pembejeo atume picha ya lebo. Dawa iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu.

Kama shina ni bapa, jeupe kwenye kitako, na masuke yametanuka kama ya ulezi, usinunue chochote. Hilo ni ndugu wa ulezi kweli, hupenda udongo ulioshindiliwa: njia ya gari, mlangoni, watoto wanapochezea mpira. Ling'olewe mvua ikiwa imelainisha ardhi, kabla halijamwaga mbegu, kisha pachomwechomwe kwa uma wa bustani ili hewa ipite. Na fundi wa kufyeka asiunyoe ukoka hadi udongo uonekane. Wengi wanapenda hivyo, eti inakaa muda mrefu, kumbe mwanga ukifika chini mbegu za magugu zinaamka.

Unayejenga sasa, Mikindani au Lindi mjini, kagua udongo na samadi kabla lori halijamwaga, maana ndago husafiri humo. Ikiwa imeshaingia, lipia kibarua cha kuchimbua kiangazi, Julai au Agosti; hapo jembe linafaa, mradi vitunguu viachwe juu vikauke kwa jua. Ukoka upandwe mvua zikianza.