Jinsi ya kuonja mvinyo wa Ufaransa na Ureno kwenye joto la Tanga

Ushauri wa kawaida ni kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumbani. Chumba kinachosemwa hapo ni cha Ulaya, cha nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Chumbageni saa kumi jioni mwezi wa Februari ina nyuzi 30 na ushee, na kwa joto hilo Bordeaux, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, hata iwe nzuri namna gani itanuka spiriti na kuwaka kooni. Wengi huonja hivyo mara moja, wakaamua kwamba mvinyo wa Kifaransa ni sifa tupu. Mara nyingi chupa haina kosa lolote. Kwa hiyo tuanze na joto, maana ukikosea hapo mengine yote ni kazi bure.

Mvinyo mweupe mwepesi, kama Muscadet wa Ufaransa au Vinho Verde wa Ureno, uonje ukiwa na nyuzi 8 hadi 10. Mweupe mzito uliokaa kwenye pipa unataka 11 hadi 13. Mwekundu mwepesi kama Beaujolais ni 13 au 14, na mwekundu mzito ni 16 hadi 18. Ukizidisha baridi nako unaharibu: mweupe hukosa harufu kabisa, na mwekundu hugeuka mchungu kwa sababu baridi huifanya tanini, ile inayokausha mdomo, ijitokeze.

Chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 30 huchukua kama saa nne ndani ya friji kufika nyuzi 9, na saa moja na nusu hadi mbili kufika 17. Umeme ukikatika, tumia ndoo. Barafu peke yake haifai, kwa kuwa vipande vinagusa chupa hapa na pale na kwingine kote ni hewa. Jaza barafu hadi nusu ya ndoo, mimina maji mpaka yafike shingo ya chupa, tia konzi ya chumvi. Mweupe utakuwa tayari kwa dakika 20 hadi 25, mwekundu kwa dakika 8 hadi 10. Barafu ya kwenye soko la samaki la Deep Sea inatosha kabisa kwa kazi hiyo, mradi isiingie kwenye glasi. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, pima mvinyo wenyewe ndani ya glasi badala ya kukisia kwa kugusa chupa.

Dukani

Kagua chupa kabla ya kulipa. Mvinyo ukipata joto kali kwenye kontena au stoo hutanuka na kusukuma kizibo. Ukipoa hunywea, na hewa inaingia. Dalili zake ni kizibo kilichopanda juu ya mdomo wa chupa, alama za kunata zilizovuja chini ya karatasi ya shingoni, au kiwango cha mvinyo kilichoshuka chini kuliko cha chupa nyingine za aina hiyohiyo. Mweupe mchanga ulioanza kufanana na chai uache hapohapo. Chupa iliyopangwa dirishani ikipigwa na jua iache pia, hata kama imepunguzwa bei. Hasa kama imepunguzwa bei.

Vinho Verde wa kawaida usizidi miaka miwili tangu mavuno. Uzuri wake ni uchanga. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Chupa ya Porto, mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa kileo, iwe na utepe wa karatasi wa dhamana shingoni, wenye herufi IVDP, za taasisi ya Ureno inayosimamia mvinyo wa bonde la Douro na wa Porto. Lebo nyingi za Kifaransa hutaja mahali na si aina ya zabibu, kwa hiyo ni wewe wa kujua kwamba Chablis ni Chardonnay na Sancerre mweupe ni Sauvignon Blanc. Madaraja ya mashamba ya mvinyo ya Bordeaux ya mwaka 1855 yasikubabaishe: yalipangwa kwa kufuata bei za sokoni za wakati ule, na mwanafunzi hayahitaji.

Kuandaa meza

Watu sita wanatosha kwa chupa tano: Muscadet, Vinho Verde, Bordeaux, Douro mwekundu, na Porto aina ya tawny (iliyokomaa kwenye pipa hadi ikaelekea kahawia) ya kumalizia. Onjeni kwa mpangilio huo, mwepesi kabla ya mzito, mkavu kabla ya mtamu. Ukitanguliza Porto, Bordeaux itaonekana siki. Kila mtu apate mililita 50 za kila mvinyo. Pima mara moja kwa kikombe cha kupimia, uone zinafika wapi kwenye glasi, kisha mimina kwa macho. Chupa moja ya mililita 750 itatoa mililita 300 tu, zinazobaki ni za chakula. Glasi iwe na mguu na mdomo mwembamba kuliko tumbo, ili harufu ikusanyike.

Sasa mambo ya Pwani. Usifukize udi siku hiyo, na marashi na asumini vikae mbali. Zima feni wakati wa kunusa. Inapeperusha harufu kabla haijafika puani, na watu wanaishia kusema mvinyo hauna kitu. Kahawa chungu, tangawizi na pilipili zisubiri. Weka maji, mkate mkavu na kopo la kutemea kwa kila mtu. Kutema si ukosefu wa adabu hapa: mililita 50 mara tano ni theluthi ya chupa, na mwenye theluthi ya chupa kichwani hawezi kuhukumu Porto. Hata waliotema warudi nyumbani kwa bajaji.

Macho, kisha pua

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo wa mvinyo. Mwekundu wenye ukingo wa zambarau ni mchanga. Ukingo wa rangi ya tofali ni wa mvinyo uliokaa. Machozi yanayoteremka ndani ya glasi yanaonyesha kileo au sukari, hayasemi kitu kuhusu ubora. Usipoteze muda nayo.

Nusa kwanza bila kutikisa. Halafu weka glasi mezani, izungushe mara tatu au nne, unuse tena kwa pumzi fupifupi. Kinachowashinda watu hapa ni kumbukumbu, pua yenyewe haina tatizo. Dawa yake ipo Mgandini. Panga visahani vya ganda la ndimu, ganda la chungwa la Muheza, karafuu, mdalasini, tende, zambarau, pilipili hoho mbichi, korosho zilizokaangwa na kahawa ya unga, ufumbe macho na kuvitaja kwa kunusa. Ndivyo vitu utakavyovikuta ndani ya glasi. Mvinyo wa zabibu nyekundu za Cabernet Sauvignon zisizoiva sawasawa hunuka hoho mbichi waziwazi. Karafuu utakayoinusa kwenye mvinyo uliokaa katika pipa si ya kuwazia: mti wa mwaloni uliochomwa hutoa eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake.

Harufu mbovu zijue mapema. Ya boksi lililoloa au stoo yenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo. Haitoki, na hewa huizidisha, kwa hiyo rudisha chupa. Ya kiberiti kilichowashwa au yai viza mara nyingi huondoka ukizungusha glasi kwa dakika kadhaa. Ya siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha haina tiba. Mvinyo uliopikwa na joto, tatizo kubwa la huku kwetu, hunuka jamu na zabibu kavu, na ladha yake hukatika mara tu ukimeza.

Mdomoni

Chukua kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Vuta hewa kidogo kupitia midomo iliyobanwa, zungusha mvinyo ufike kwenye ufizi, ukae nao sekunde kama tano, kisha tema. Sasa tazama mambo manne. Mate yakikutoka kwa wingi pembeni mwa ulimi, huo ni ukali wa asidi. Ufizi na mashavu yakikauka na kukaza, kama vile umetoka kula bibo, hiyo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Joto kooni ni kileo. Utamu ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa harufu ya matunda yaliyoiva huifanya akili iseme sukari. Ziba pua, onja tena: utamu ukipotea, ulikuwa harufu.

Baada ya kutema, hesabu kimyakimya ladha inadumu sekunde ngapi. Ikikatika kabla ya tano, mvinyo ni wa kawaida. Ikipita kumi na kubaki safi, una kitu mkononi. Andika kabla ya kuzungumza, maana wa kwanza kusema “nasikia zambarau” huwafanya wote waisikie.

Thamani ya kuonja kwa jozi, wa Ufaransa na wa Ureno, huonekana hapa. Muscadet hutoka mwisho wa mto Loire, karibu na Atlantiki. Ukiona maneno sur lie kwenye lebo, umekaa juu ya mashapo ya chachu hadi kutiwa chupani, na ndiyo yanayoupa uzito kidogo na ladha ya unga wa mkate. Vinho Verde ni mwepesi zaidi, kileo chake mara nyingi asilimia 9 hadi 11.5, na huchomachoma ulimi kwa gesi kidogo. Kwenye nyekundu, Bordeaux hupata unyevu wa bahari, na zabibu zake za Merlot na Cabernet hutoa mvinyo ulionyooka. Douro, bonde lililowekewa mipaka mwaka 1756, ni miteremko ya mawe yenye kiangazi kikali. Zabibu ya huko iitwayo Touriga Nacional hunuka maua na ganda la chungwa juu ya matunda meusi, na tanini yake haina huruma.

Chakula

Muscadet na kamba wa kuchoma wenye chumvi na ndimu havihitaji maelezo. Pweza wa pilipili mpe Vinho Verde, kwa sababu kileo kingi huchochea moto wa pilipili. Douro inataka mishikaki yenye mafuta, maana protini na mafuta hulainisha tanini. Usiipeleke kwa changu: nyekundu nzito na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Samaki wa kupaka, kwa tui lake, anastahili Chardonnay ya Burgundy, jimbo la Ufaransa, iliyokaa kwenye pipa. Tawny, yenye harufu ya tende na korosho, iende na kashata. Halua ni tamu mno, itaifunika.

Kinachobaki

Ziba chupa uirudishe friji, hata nyekundu. Nyeupe hudumu siku mbili au tatu, nyekundu tatu au nne, tawny mwezi hivi. Zisizofunguliwa zilaze chini kwenye chumba chenye giza, kamwe zisikae juu ya friji, na nunua za wiki chache tu kama nyumba haina kiyoyozi. Asiye na friji anunue Madeira. Mvinyo huu wa kisiwa cha Ureno ulijengewa jina na mapipa yaliyopita nchi za joto melini yakarudi yakiwa bora. Siku hizi aina nyingi hupashwa nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi isiyopungua mitatu kabla ya kuuzwa, kwa hiyo joto la Tanga haliutishi, na chupa iliyofunguliwa hukaa miezi kabatini bila kuharibika.