Daktari wa familia bure kwa wenye magonjwa ya kudumu: muanzie wapi

Kama uko kwenye kamati inayopanga hii kitu, au kwenye kikundi cha wagonjwa kinachoidai, msikimbilie kuandika listi ya magonjwa. Najua ndo inaonekana rahisi, sukari, presha, pumu, kifafa, tumemaliza, ila listi ikishaingia kwenye sheria kuibadilisha ni kazi kweli. Cheki England, listi ya magonjwa yanayomsamehe mtu kulipia dawa ilitungwa 1968, na ugonjwa ulioongezwa baadae ni saratani tu, 2009. Pumu mpaka leo haimo. Na mwenye sukari anayeidhibiti kwa chakula tu, bila dawa, hasamehewi!

Bora muandike hali yenyewe: ugonjwa unaotarajiwa kudumu mwaka au zaidi na unaohitaji kufuatiliwa, daktari anasaini fomu ya ukurasa mmoja, basi.

Halafu kila mgonjwa awe na daktari wake, jina liko kwenye rejista. Daktari alipwe kwa mwaka kwa kila mgonjwa aliyemwandikisha, na mwenye magonjwa mawili matatu alipiwe zaidi, la sivyo wale wagumu watakuwa wanaambiwa nafasi zimejaa.

Sasa hapa ndo penyewe, mniskilize vizuri. Ziara ya muhimu kuliko zote ni ile mgonjwa anayokuja akiwa hasikii chochote. Presha haiumi. Mtu ana 160 kwa 100 na anaendelea na kazi zake kama kawaida, hela anayo mfukoni ila ina mambo mengine, atoe akalipie kuambiwa endelea na dawa? Haendi, anakuja kwenda siku mdomo umepinda. Ule utafiti wa bima ya afya wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulioanza miaka ya 1970 ulionyesha kabisa, watu wa kipato cha chini wenye presha waliotibiwa bure ilidhibitiwa vizuri kuliko waliokuwa wanachangia. Kwa hiyo pangeni ziara za kudumu, angalau mbili kwa mwaka, na nesi ndo ampigie mgonjwa simu, asisubiri aje mwenyewe.

Na bure iwe bure mpaka kwenye vipimo. Mwenye sukari anahitaji kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, anahitaji kuvua soksi nyayo ziguswe kuona kama bado anasikia, macho yaangaliwe, figo zipimwe. Mkimwona daktari bure halafu maabara mnalipa, wengi wataishia na karatasi ya vipimo mkononi.

Madaktari wakiwa wachache anzeni na wenye ugonjwa zaidi ya mmoja, wengine wafuate.

Fomu nayo, sukari aina ya kwanza haiponi, msimsumbue mtu kila mwaka alete barua ya kuthibitisha kwamba bado anaumwa.