Jinsi ya kuripoti Simba na Yanga bila kugeuka chawa wa mtu

Ukianza kuandika habari za soka Dar es Salaam, swali la kwanza utakaloulizwa na msemaji wa klabu, na shabiki, na pengine na mhariri wako, ni "Wewe timu gani?" Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na hakuna anayeamini kwamba kuna Mtanzania aliyekua bila kuchagua moja. Usijichoshe kuapa kwamba huna timu. Kuwa nayo si kosa. Kosa ni msomaji kuijua kwa kusoma habari yako.

Yanayofuata ni kwa mwandishi mpya wa gazeti, redio au mtandao. Anayeripoti Gor Mahia na AFC Leopards kule Nairobi atakuta mengi yanamhusu pia.

Kanuni kwanza, namba za simu baadaye

Pakua Kanuni za Ligi Kuu za msimu unaoanza, zisome zote, zikae kwenye simu yako. Hufanyiwa marekebisho mara kwa mara, kwa hiyo za msimu uliopita zinaweza kukuaibisha. Ongeza katiba za klabu zenyewe na kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Habari nyingi nzito za soka letu ni habari za kanuni zilizovalishwa jezi.

Chukua dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi, Simba ilisema imezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa na kwamba haitacheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi, Yanga ikaja juu, na dabi ikachezwa Juni 25, Yanga ikishinda 2-0. Katika saa zile za mwanzo, mwandishi mwenye kanuni mkononi alikuwa na maswali ya kuuliza: timu mgeni ina haki gani ya mazoezi, kwa muda upi, nani anapaswa kuarifiwa kabla, na je, kuvunjwa kwa haki hiyo kunatosha kuahirisha mechi au kuna adhabu nyingine? Asiye nazo alibaki kunukuu vijembe vya pande mbili. Mtu aliyepanda basi kutoka Mbeya akiwa na tiketi mfukoni hakusaidika chochote.

Adhabu hutoka Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, maarufu kama Kamati ya Saa 72. Taarifa yake hutaja kosa, kifungu na adhabu. Andika vyote vitatu. Klabu ikitozwa faini kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, andika mlango usio rasmi. Mashabiki watasema ni ushirikina, lakini neno hilo likiwa halimo kwenye taarifa, ukiliandika umelitoa kichwani mwako.

Msemaji ni mfanyakazi wa klabu

Maneno haya yanaonekana ya kitoto, lakini hapa ndipo wengi huzama. Msemaji wa Simba au Yanga ana kazi mbili: kutoa taarifa na kuhamasisha watu waende uwanjani. Siku ya kuhamasisha atasema lolote linalojaza majukwaa yenye viti 60,000. Ukilichukua neno la hamasa ukaliandika kama taarifa, lawama ni yako. Kabla ya kunukuu, jiulize: hapa anatoa tarehe, jina au uamuzi, au anamtania mtani? Utani una nafasi yake kwenye habari, ila uweke ndani ya alama za kunukuu, na usiupe kichwa cha habari.

Usijenge uhusiano na mtu mmoja tu ukadhani umejenga uhusiano na klabu. Haji Manara alikuwa sauti ya Simba, na 2021 akawa sauti ya Yanga. Mwandishi ambaye namba yake ya pekee Msimbazi, yaani makao ya Simba, ilikuwa ile, asubuhi yake aliamka hana chanzo. Kila klabu iwe na watu wasiopungua watano kwenye simu yako: afisa habari, mtu wa utawala, meneja wa timu, kiongozi mmoja wa matawi, na mtu wa benchi la ufundi au tiba. Wapigie hata siku usiyohitaji kitu. Anayepiga simu siku ya mgogoro peke yake hupokelewa kama mdai.

Ukihitaji majibu, piga, kisha andika ujumbe wenye swali lenyewe na muda: "Naandika kuhusu mshahara wa Julai ambao wachezaji wanadai hawajalipwa. Naomba jibu la klabu kabla ya saa 11 jioni." Ujumbe huo ndio ushahidi wako. Wakikaa kimya, piga tena baada ya saa moja, na kwenye habari eleza ulichofanya: ulipiga mara ngapi, ulituma ujumbe, hadi unakwenda mitamboni haukujibiwa. "Hakupatikana" inayoandikwa na mtu aliyebipu mara moja ni uongo, na klabu hutunza kumbukumbu.

La kutotaja jina la chanzo likubaliwe kabla mtu hajaanza kuongea. Kuna mazungumzo unayoruhusiwa kuandika na jina, kuna ya kuandika bila jina, na kuna ya kukuelewesha tu yasiyoandikwa kabisa. Muulize ni lipi kati ya hayo. Akikwambia mwishoni "lakini hii usiandike," kisheria hajakufunga, ila pima: akiwa ni daktari wa timu au mtunza vifaa, anaweza kufukuzwa kwa sentensi moja. Akiwa kiongozi anayejua mchezo huu, aliteleza mwenyewe.

Jihadhari na barua za kughushi. "Taarifa kwa Umma" yenye nembo ya klabu hutengenezwa kwa simu ndani ya dakika kumi. Linganisha tarehe, cheo cha aliyesaini na mwandiko wa herufi na barua ya zamani uliyo na uhakika nayo, kisha angalia kama imewekwa kwenye kurasa rasmi. Kama haipo, mpigie aliyesaini. Picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la waandishi si uthibitisho, hata ikitumwa na mtu wa gazeti kubwa.

Siku ya mechi

Kitambulisho cha kuingilia uwanjani kiombe mapema kupitia ofisi yako, na ujue kwamba mechi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zina utaratibu wake tofauti wenye tarehe ya mwisho. Mpiga picha achukue kizibao chake na akae anapoelekezwa. Haki za televisheni za ligi ni za Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, kwa hiyo kurekodi bao kwa simu na kulirusha kwenye ukurasa wa chombo chako ni kutafuta kesi. Mahojiano ya haraka baada ya filimbi huanza na mwenye haki; wewe subiri mkutano wa makocha.

Kikosi kichukue kwenye karatasi rasmi inayotoka kama saa moja kabla ya mechi. "Kikosi kimevuja" cha saa nne asubuhi mara nyingi ni cha shabiki mwenye muda mwingi.

Kwenye mkutano na kocha una swali moja. Usilipoteze kwa "Kocha, mmejipangaje?" Atajibu kwamba wamejipanga vizuri, wanamheshimu mpinzani, na wanataka pointi tatu, umepata sentensi ambayo ungeweza kuiandika ukiwa kitandani. Uliza kitu chenye kushikika: "Mabao matatu ya mwisho mliyofungwa yametokana na kona. Wiki hii mazoezini mmebadili nini?" Hata akikwepa, namna anavyokwepa ni habari. Usiunganishe maswali mawili, atajibu jepesi.

Makocha wetu wengi ni wageni: Yanga imekuwa na Nabi wa Tunisia na Gamondi wa Argentina, Simba ikawa na Robertinho wa Brazil. Swali refu likipita kwa mkalimani hufika limekonda, na jibu hurudi limenenepa. Liwe fupi, bila misemo. Rekodi sauti ya kocha mwenyewe pamoja na tafsiri, na ukiona neno la tafsiri ni kali kuliko kawaida yake, mtafute anayejua lugha hiyo kabla hujalifanya kichwa cha habari. Magomvi mengi ya "kocha amtukana mchezaji" huzaliwa hapo.

Tetesi za usajili

Hapa ndipo uaminifu unapojengwa au kubomoka, kwa sababu kila anayekupigia ana anachouza. Wakala anataka bei ipande, au anataka klabu ya sasa iogope na kuongeza mshahara. Klabu inayouza inataka ionekane kuna wanunuzi wawili. Klabu inayonunua inataka kumtuliza shabiki aliyechukia kipigo cha Jumamosi. Ukipokea jina, swali la kwanza ni "kwa nini ananiambia mimi, leo?"

Pima neno lako kwa ushahidi ulio nao:

- "Anatakiwa": mtu mmoja ndani ya klabu inayomtaka amekwambia, na mwingine asiyehusiana naye amekubali.
- "Wako kwenye mazungumzo": pande mbili kati ya tatu (mchezaji, klabu yake, klabu inayomtaka) zimethibitisha.
- "Klabu zimekubaliana": klabu zote mbili zimethibitisha. Wakala pekee hatoshi.
- "Amesaini": umeona mkataba au umethibitishiwa na aliyekuwepo akisaini. Picha ya mchezaji uwanja wa ndege inathibitisha kwamba alipanda ndege.

Kisha chuja kwa kanuni za FIFA. Klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba inatakiwa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya mazungumzo. Mchezaji ni huru kusaini kwingine mkataba wake ukiwa umeisha au umebakiza miezi sita au pungufu, hivyo tarehe ya kuisha mkataba ndiyo kitu cha kwanza cha kutafuta. Mkataba hauzidi miaka mitano, na kwa mwenye umri chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Uhalali wake haupaswi kutegemea kufaulu vipimo vya afya, kwa hiyo ukiambiwa "alisaini lakini mkataba umefutika kwa kufeli vipimo," endelea kuchimba. FIFA pia huchapisha mtandaoni orodha ya klabu zilizofungiwa kusajili. Ipitie kabla ya kila dirisha. Ni habari ya bure.

Sakata la Feisal Salum linafundisha. Desemba 2022 alitangaza kuvunja mkataba na Yanga, na mtandaoni alikwisha kuwa mchezaji wa Azam. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni wa Yanga. Hadi klabu hizo mbili zilipoelewana Juni 2023 ndipo akahamia Chamazi, nyumbani kwa Azam. Walioandika "Feisal ni Azam" Desemba walikuwa wamechanganya nia ya mchezaji na hali yake kisheria, na kosa hilo hujirudia karibu kila dirisha.

Mashabiki

Tofautisha shabiki na mwanachama. Mwanachama ana kadi na anaingia mkutano mkuu; shabiki ana jezi na bando. Ukiandika "wanachama wataka kocha aondoke" kwa kuwasoma watu watatu chini ya picha ya Instagram, umepotosha. Ukitaka kauli ya wanachama, nenda kwenye matawi, muulize mwenyekiti wa tawi, andika tawi lipi.

Majina ya utani tumia yale ambayo wenyewe wanajiita: Wananchi na Wanajangwani kwa Yanga, Mnyama na Wekundu wa Msimbazi kwa Simba. Utopolo na Makolo, majina ya kejeli kwa Yanga na Simba, waachie watani. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini ukiliandika moja tu kati ya hayo mawili, hata kwa mzaha kwenye akaunti yako binafsi, picha ya skrini itakufuata miaka mitano.

Tuhuma za upendeleo zichukulie kwa hesabu. Kila mwisho wa mwezi pitia vichwa vyako vya habari: Simba vingapi, Yanga vingapi, na lawama ngapi kwa kila upande. Usilazimishe zilingane, Yanga ikishinda 5-1, kama ilivyokuwa Novemba 5, 2023, wiki hiyo haiwezi kuwa sawa kwa pande zote. Unachotafuta ni kama kosa lilelile limepewa maneno tofauti. Penalti ya upande mmoja ikiwa "tata" na ya mwingine "zawadi," shabiki anayekutukana ana hoja.

Matusi ya kawaida usiyajibu. Vitisho ni kitu kingine: piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na saa kabla haijafutwa, mpe mhariri, mtu akitaja nyumbani kwako au familia nenda polisi.

Nauli, safari na makosa

Baada ya mkutano na waandishi kunaweza kuzunguka bahasha inayoitwa nauli. Mwandishi wa mkataba wa habari moja moja anaijua njaa yake, na vyombo visivyolipa vina sehemu kubwa ya dhambi hii. Hata hivyo anayetoa huandika majina. Ofisi yako ikulipie usafiri, na kama haiwezi, chagua mikutano michache unayoweza kuigharamia. Klabu ikikusafirisha kwenda mechi ya ugenini ya CAF, mhariri ajue kabla, na mwisho wa habari iandikwe kwamba safari iligharamiwa na klabu.

Ukikosea, sahihisha palepale ulipokosea na kwa ukubwa uleule: kosa la ukurasa wa mbele lisisahihishwe ukurasa wa 14. Mtandaoni usifute kimya kimya. Acha habari, weka juu yake kilichokuwa kimekosewa, kilicho sahihi na saa uliyorekebisha, kisha mpigie aliyeumizwa na kosa hilo kabla hajakupigia wewe.