Mirathi Mahakama ya Mwanzo: nyoosheni majina kabla ya kufungua shauri

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila. Kama marehemu alikuwa Mkristo aliyeishi nje ya mila, mara nyingi mtaelekezwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, na fomu za huko ni nyingine.

Hatua ya 1. Chukueni cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kibali cha mazishi hakitoshi.

Hatua ya 2. Fanyeni kikao cha familia. Muhtasari utaje warithi wote, hata mtoto aliye mbali, na kila aliyehudhuria asaini. Kwa msimamizi wa mirathi, mimi humpendekeza mtu anayetunza risiti kuliko mkubwa wa ukoo asiyeshika kalamu.

Hatua ya 3: Majina. Hapa msiwe na haraka. Tandazeni mezani kila karatasi ya marehemu: cheti cha kifo, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki. Someni herufi kwa herufi. Nilimsindikiza mjane mmoja benki akiwa na Fomu Na. 4, yaani barua ya usimamizi, yenye mhuri, akarudishwa dirishani: fomu ilisema Hamisi, akaunti ilisema Khamis. Ikabidi arudi mahakamani kuomba marekebisho huku shule ikidai ada ya watoto.

Dawa ni hati ya kiapo. Ndugu aliyemfahamu marehemu vizuri aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote, yakitajwa kama yalivyoandikwa, ni ya mtu mmoja, na aambatishe nakala. Wengi huishia hapo. Majina hayohayo lazima yaingie pia kwenye Fomu Na. 1, yaani fomu ya maombi: "Hamisi Juma, ajulikanaye pia kama Khamis J. Saidi." Msipoyaandika kwenye maombi, msitarajie kuyaona kwenye barua ya usimamizi. Kama kosa limo kwenye cheti cha kifo chenyewe, anzeni kulirekebisha RITA. Jina la msimamizi nalo lilingane na kitambulisho chake.

Msiwape kazi hii vishoka wa nje ya mahakama. Tafuteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasio na uwezo huhudumiwa bure.

Hatua ya 4. Fungueni shauri mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu. Kuzikwa kijijini hakuhamishi mirathi kwenda kijijini. Tangazo litabandikwa, pasipokuwa na pingamizi, msimamizi atateuliwa na kupewa Fomu Na. 4.

Hatua ya 5. Msimamizi akusanye mali, alipe madeni, agawe. Fomu Na. 4 haimfanyi mwenye nyumba. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe arejeshe Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni, na Fomu Na. 6 ya hesabu za mgawanyo. Akiona muda hautoshi, aombe nyongeza kabla haujaisha. Kila mrithi asaini alichopokea. Kiwanja chenye hati kiende ofisi ya ardhi: kiandikishwe kwanza kwa jina la msimamizi, kisha la mrithi.