Bia haina gesi? Usikimbilie sukari

Wakuu tunaotengeneza bia nyumbani, swali hili halikauki: "Nimefungua chupa, kimya, hata ile tss hakuna. Niongeze sukari?" Hapana, si leo. Mimi niliwahi kufungua chupa 24 zikiwa na siku nane tu, nikatia sukari kila moja na kuzifunga upya. Kumbe hamira ilikuwa bado inahangaika na sukari niliyotia siku ya kujaza chupa. Wiki chache baadaye mbili zilipasuka kabatini usiku wa manane. Zilizobaki nilizifungulia nje, nimevaa glavu nene na miwani.

Hatua ya 1: hesabu siku, pima joto. Gesi ya chupani hutengenezwa na hamira inapokula sukari uliyoweka wakati wa kujaza. Ipe nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi kwa wiki 2 au 3. Penye baridi inasinzia, na chupa zilizo sakafuni hupata baridi kuliko unavyodhani. Bia kali, kuanzia asilimia 8 ya kileo, inaweza kutaka mwezi mzima au zaidi.

Hatua ya 2: poza vizuri ndipo uhukumu. Saa moja ya friji haitoshi. Ipe siku nzima, mbili zikiwezekana, gesi iliyo shingoni iingie kwenye bia.

Hatua ya 3: fungua tatu, si moja. Chagua za pande tofauti za kreti. Hapa ndipo ugonjwa unapojulikana.

Zote tatu zikiwa hazina gesi, onja. Ukikuta utamu kuliko siku uliyojaza, sukari bado ipo na hamira haijafanya kazi: baridi, au hamira imechoka. Ukikuta haina utamu wala gesi, ama sukari ilikuwa kiduchu (au uliisahau, hutokea), ama gesi imevuja.

Moja ikifoka na jirani yake imelala, usiilaumu hamira. Sukari haikuchanganyika, au vizibo havikubana. Chupa za kizibo cha kuzungusha hazishiki vizuri vizibo vya kubana kwa mashine. Zile za kizibo cha waya, kagua pete ya mpira kama imepasuka. Kuhusu kuchanganya: chemsha sukari kwenye maji kidogo, mimina ndani ya ndoo tupu, kisha teremsha bia juu yake kwa bomba la mpira na ukoroge polepole bila kuivurugia hewa. Kutia sukari kavu chupa kwa chupa kwa kijiko ni kamari.

Hatua ya 4: tiba. Hamishia chupa penye joto, zipindue taratibu mashapo yanyanyuke, subiri wiki 2 nyingine. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Zikigoma, fungua, tia chembe chache za hamira kavu, funga kwa kizibo kipya. Sukari iwe ya mwisho kabisa, na uwe na hakika kwamba ya kwanza haikuwepo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa lita 20 nilitia sukari kwa kukadiria. Kipimo ni kipi?*
Gramu 6 hadi 7 za sukari ya mezani kwa lita, yaani 120 hadi 140 kwa hizo zako. Tumia mizani. Na haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia) isome namba ileile siku 2 au 3 mfululizo kabla ya kujaza, la sivyo unafunga mabomu.

*Yangu inachoma ulimi lakini povu linakufa papo hapo.*
Basi gesi unayo, ndugu. Shuku glasi: mafuta au mabaki ya sabuni. Isuuze sana, ijaribu tena.

*Niliiacha kwenye baridi miezi 3 kabla ya kujaza.*
Hamira nyingi ilishazama, na iliyobaki ni dhaifu. Fuata hatua ya 4. Safari ijayo ongeza hamira mpya kidogo siku ya kujaza.

*Nitajuaje gesi imeingia bila kufungua?*
Kila unapojaza, jaza na chupa moja ya plastiki ya soda. Ikamue hewa itoke, funga. Ikishakuwa ngumu kama jiwe, peleka mojawapo ya kioo kwenye friji. Ibonyeze hiyo ya plastiki hata mara kumi kwa siku ukitaka, hizo nyingine uziache zilale.