Kinga ya Bustani Ianzie kwenye Udongo

Jua likizidi, wengi hukimbilia kununua neti ya kivuli. Neti ina kazi yake, ila anza na udongo. Ukiachwa wazi hupata joto, hukauka upesi, na matone ya mvua huupiga hadi ukashikamana juu. Tandaza nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina lisije likaoza. Nyasi ziwe hazijatoa mbegu, la sivyo utajipandia magugu mwenyewe.

Mmea ukilegea saa nane mchana, usishike ndoo bado. Uangalie asubuhi yake. Ukiwa umesimama, lilikuwa joto tu. Ukiwa bado umelegea, fukua kidogo: udongo mkavu, mwagilia shinani hadi maji yazame; udongo chepechepe, mizizi imekosa hewa au inaugua, na ndoo nyingine itaumaliza kabisa.

Mboga za majani na miche iliyotoka kitaluni hufaa neti inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga, ikiwambwa juu ya nguzo ili upepo upite. Kwa nyanya na pilipili hoho, tatizo mara nyingi ni mkulima aliyepunguza majani kupita kiasi. Tunda hubaki wazi, upande unaotazama jua ukababuka: doa jeupe, laini, ambalo baadaye hubonyea na kukauka.

Kwa baridi, ogopa usiku usio na mawingu wala upepo. Hewa baridi huteremka kama maji, hivyo mimea ya bondeni huumia kwanza. Funika kabla jua halijazama, udongo ungali na joto, kitambaa kikifika chini kabisa. Plastiki isiguse majani. Asubuhi funua.

Mvua kubwa inataka maandalizi ya mapema: matuta ya kimo cha sentimita 20 hadi 30, na mfereji wenye pa kutokea. Wengi huchimba mfereji vizuri kisha wakaumalizia katikati ya bustani! Siku kavu, kata majani ya nyanya yanayogusa chini, maana matone hurusha tope lenye vimelea vya magonjwa. Maharage yakiwa yamelowa usipite katikati yake. Mikono na nguo hueneza ugonjwa. Mbolea ya naitrojeni igawe kidogo kidogo, na wingu likitanda iache stoo.