Kukadiria umbali na muda wa ndege kwa karatasi na kalamu

Mtu akiniuliza, "Kutoka New York hadi London ni saa ngapi kwa ndege?" mimi humrudishia swali: uwanja gani? London ina viwanja kadhaa, na ukishukia Stansted bado una kama kilomita 60 za barabara kufika katikati ya jiji. Newark nayo huuzwa kama uwanja wa New York ilhali iko jimbo la New Jersey. Basi soma zile herufi tatu kwenye tiketi: LHR ni Heathrow, STN ni Stansted, EWR ni Newark.

Ukishajua viwanja, weka rula kando. Ramani bapa huyavuta maeneo ya karibu na ncha za dunia yakaonekana makubwa kuliko yalivyo, kwa hiyo mstari ulionyooka juu yake hudanganya. Tafuta tufe, kaza uzi kati ya New York na Tokyo, uone unavyopanda hadi Alaska. Hiyo ndiyo njia fupi.

Viwanja vikiwa karibu mstari mmoja wa kaskazini-kusini, hata uzi hauhitajiki, kwani digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Johannesburg iko digrii 26 kusini ya ikweta, Cairo digrii 30 kaskazini. Jumla 56, mara 111, unapata karibu kilomita 6,200. Kwa kupanga safari, inatosha kabisa.

Sasa muda. Ndege kubwa ya jeti ikishatulia angani huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ya mapangaboi, kama ATR 72, ikadirie 500. Gawanya umbali kwa mwendo, kisha ongeza nusu saa ya kupanda, kushuka na kujikokota ardhini. Johannesburg hadi Cairo: saa saba na kidogo, ukijumlisha nusu saa zinakaribia nane. Safari fupi ndizo huharibiwa zaidi na hiyo nusu saa. Kilomita 400 kwa jeti si dakika 28 hata siku moja.

Kwa safari za mashariki na magharibi, mwenye neno la mwisho ni upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi, kuna mikondo yenye nguvu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Heathrow na JFK, uwanja mmojawapo wa New York, zimeachana kilomita 5,550 hivi, lakini kwenda New York huchukua takriban saa nane, na kurudi saa saba au pungufu. Wakati wa baridi kali tofauti huzidi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi huandika saa za kila mahali kwa mahali pake. Ukitoka London saa tano asubuhi na kufika New York saa nane mchana, umesafiri saa nane, si tatu, kwa kuwa New York iko nyuma kwa saa tano. Nao Wamarekani na Waingereza husogeza saa zao mbele na kuzirudisha nyuma kila mwaka, lakini si siku moja: kwa wiki mbili tatu mwezi Machi, na wiki moja hivi kuelekea Novemba, tofauti hiyo huwa saa nne. Ukisafiri majira hayo, kagua upya kabla ya kupanga ndege ya kuunganisha.